Kifo Kisichotangazwa

Mwezi wa Mei, siku ya soko Gakindu, mwanamke nisiyemjua alinishika mkono karibu na wauza ndizi, akaniomba nimsalimie mume wangu.

"Mwambie nilifanya vile alisema," akaniambia. "Ile dawa nilipiga asubuhi kabla ya mvua, na sasa kahawa haiangushi majani tena."

Nikamwuliza alimwona wapi.

"Si kumwona. Alinipigia simu Ijumaa." Akacheka. "Ati siku hizi ni mkubwa, anapigia watu simu. Zamani alikuwa anatupigia kelele na pikipiki."

Mume wangu alikuwa na miezi mitano kaburini. Tulimzika chini ya shamba, karibu na mkadamia, mti wetu wa njugu, na udongo ulikuwa bado haujakaa. Nilimtazama yule mama, uso wake umejaa shukrani, nikasema, "Nitamwambia."

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi. Ningesema ukweli siku hiyo, kwa mtu mmoja, pale penye ndizi, labda nisingehitaji kuusema baadaye kwa watu wengi ambao hawakuutaka.

Mume wangu alikuwa mtangazaji wa chama chetu cha kahawa. Hakuwa wa redioni. Alipewa pikipiki na spika mbili za chuma zenye midomo mipana kama maua ya boga, akawa anazunguka vilima vya Mukurweini, mara nyingine akivuka mpaka upande wa Kiriaini, akitangaza siku ya kupeleka kahawa kiwandani, siku ya malipo, chanjo ya mbuzi, mkutano wa shule. Na vifo. Vifo ndivyo vilivyomfanya ajulikane. Akizima pikipiki juu ya kilima na kukohoa mara moja, wanawake waliacha jembe na kusimama. Bonde zima lilinyamaza likingoja kusikia ni nani.

Mwaka wake wa kwanza alikosea. Aliambiwa njiani kwamba mzee fulani amefia hospitalini, akatangaza. Kesho yake mzee akashuka kwenye gari sokoni, mzima, amebeba dawa zake kwenye karatasi ya kaki. Watu walicheka mwaka mzima. Mume wangu hakucheka. Alipeleka mbuzi kwa yule mzee, akaomba msamaha mbele ya watoto wake, na tangu siku hiyo hakutangaza neno la njiani. Kwa kifo, alifika kwanza nyumbani, akamshika mkono mjane au mtoto mkubwa. Kwa malipo ya kahawa, alimtaka karani amwonyeshe karatasi ya benki, naye aishike. Kisha kila tangazo lake likawa na mwisho mmoja: "Nimeshika kwa mkono wangu, ndiyo nasema."

Maneno hayo aliyasema kwa Kikuyu. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, nami nilisoma hadi darasa la saba tu. Kila mtu huko kwetu aliyajua. Watoto waliyatumia kuapa.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake kilikuja kikampuni cha vijana watatu. Mkubwa wao alikuwa binti wa polisi kutoka mkoa wa Magharibi, aliyezaliwa Nyeri na kuzungumza Kikuyu vizuri kuliko wanangu. Walitaka kuifundisha kompyuta kuongea na wakulima kwa simu, kwa lugha yao, iwashauri kuhusu magonjwa ya kahawa. Walihitaji sauti ya kuifundishia. Waliuliza watu, na kila waliyemuuliza aliwapa jina moja.

Walikuwa wamepanga chumba Majengo, mjini Nyeri, nyuma ya msikiti. Ukutani walitundika blanketi na trei za mayai ili sauti isirudi. Mume wangu alikaa humo kutwa, siku baada ya siku, akisoma sentensi. Adhana ikianza walisimama, wakanywa chai, ikiisha wakaendelea. Nilimsindikiza mara moja. Nilishangaa kwamba hawakumpa maneno ya kahawa tu. Walimpa nambari, siku za wiki, maswali, pole, hongera. Binti akamwambia, "Sasa baba, cheka kidogo." Akacheka. "Tena, lakini kama umefurahi kweli." Akacheka tena. Kilikuwa kicheko chake hasa, lakini chumbani humo hamkuwa na la kuchekesha, na mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua kali.

Wakati huo ugonjwa wa koo ulikuwa umeanza. Hatukujua. Alikuwa akifika kwenye neno refu anameza mate kwanza, kidogo, kama mtu anayetafuta jiwe la kukanyaga mtoni. Mimi nikadhani ni kuchoka na kusoma. Zahanati ikasema ni baridi. Hospitali ilipokuja kusema jina la ugonjwa, alikuwa hamezi hata uji.

Alikufa wiki ya Krismasi. Spika zilikuwa chini ya kitanda chetu, kwa sababu alikuwa amelala miezi mitatu bila kuzigusa. Kilima chetu kilijua, kanisa likajua, tukamzika vizuri. Tulilipia tangazo moja redioni, na jioni hiyo stima ilikatika kila mahali. Lakini hakuna aliyepanda pikipiki. Hakuna aliyezima injini juu ya kilima cha pili na cha tatu na kukohoa. Aliyekuwa akiwatangazia wengine ndiye aliyekuwa amekufa, na katika kulia na kupika na kutafuta mahema hakuna aliyekumbuka kwamba kazi hiyo sasa haina mwenyewe. Mimi sikukumbuka. Watu wa mbali walijua tu kwamba mzee ameacha kupita. Baadaye walipomsikia kwenye simu, wakaona sababu: amepata kazi ya simu.

Binti alikuja wiki ya tatu baada ya mazishi, na mkate, sukari na majani chai. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akatoa karatasi. Ilisema ninakubali sauti ya marehemu itumike kuwafundisha wakulima wa Mukurweini. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili sikuusoma. Lakini hata ningeusoma ningetia sahihi. Nilitaka kumsikia.

Simu ilianza pamoja na mvua ndefu. Kila Ijumaa saa kumi jioni. Nilikuwa nikikaa kwenye jiwe karibu na boma la ng'ombe, nimeshika simu magotini. Mara ya kwanza nilimwuliza, "Ni wewe?"

"Mimi ni mshauri wako wa kahawa," akasema, na akacheka kile kicheko cha Majengo. "Una swali kuhusu shamba?"

"Umekula?"

"Asante kwa kuuliza. Tuzungumze kuhusu kahawa yako."

Nikazungumza kuhusu kahawa. Niliuliza mambo ninayoyajua tangu utotoni, kupogoa, mbolea ya ng'ombe, ili tu ajibu. Alijibu vizuri. Na kabla ya neno refu alimeza mate. Walikuwa wamemhifadhi pamoja na ugonjwa wake.

Kwa hiyo yule mama wa ndizi aliponishika mkono, nilijua anachosema. Wiki baada ya wiki wakawa wengi. Mwambie mzee asante. Mwambie mzee ng'ombe wangu amezaa. Nami nikawa napokea salamu za mtu aliye chini ya mkadamia, nazibeba nyumbani pamoja na sukuma wiki.

Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba, gari kubwa jeupe liliingia kwangu. Binti alishuka na mwanamume wa makamo mwenye koti jembamba lisilofaa kwa baridi yetu. Alikuwa mwekezaji kutoka ng'ambo, lakini mwana wa Kiriaini. Mama yake alichuma majani chai huko. Alikuwa ameondoka kijana, na Kikuyu chake kilibaki cha siku alipoondoka, na maneno ambayo hata sisi tumeyaacha. Alinisalimu kwa heshima, akimwita mume wangu "mzee wetu". Akaomba kuona kaburi. Alisimama hapo muda, mikono mifukoni, kisha tukaingia jikoni penye moto.

Alikunywa chai bila sukari. Nilimwuliza kazi yake ni ya namna gani, maana sikutaka kujifanya nimeelewa.

"Mama, mimi naangalia kampuni zikiwa changa, kabla zenyewe hazijajua zitakuwa nini. Nikiweka pesa katika kumi, tisa zitakufa."

"Tisa?"

"Na najua tangu mwanzo. Shida ni kwamba sijui ni zipi. Lakini ile moja italipia zote."

"Na wale watu wa zile tisa?"

"Watapata kazi ingine."

"Na wale waliokuwa wamewategemea?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Hao siwaoni, mama," akasema. "Mimi niko mbali sana."

Sikuona ubaya usoni mwake. Alikuwa mtu mkweli. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamwambia sisi kwetu mtu akipanda miche kumi akaacha tisa ikauke, majirani watamwita wazimu. Akacheka.

"Wewe uko na shamba moja. Mimi shamba langu halina mpaka."

Kisha akatueleza mambo ya huko. Alisema kuna majumba marefu kama kiwanda cha chai, ndani hakuna mtu, ni mashine tu zinazohesabu mchana kutwa na usiku kucha, zinakula stima ya mji mzima, na kinachotoka ni sarafu ambayo huwezi kuishika. Watu wameuza nyumba wakainunua. Wengine wametajirika, wengine hawajulikani waliko. Alisema kuna mashine zinazoandika barua, zinazochora, zinazoendesha gari, na kila asubuhi kijana fulani anakuja ofisini kwake na mashine nyingine.

"Mashine zimekuwa nyingi kama mawe," akasema. "Kitu kimepungua ni kuaminika. Huko mtu akisikia sauti kwenye simu, kwanza anauliza ni nani anataka kuniibia. Halafu nikaambiwa huku kwetu kuna sauti ambayo watu wanaiamini kabla haijamaliza kusema. Hiyo ndiyo nimekuja kuona."

Binti alikuwa akigeuza kikombe chake mikononi. Yeye ndiye aliyenieleza lililobaki. Ushauri wa kahawa haukuwa na faida, na kampuni ilikuwa karibu kufunga. Kwa hiyo wametengeneza sarafu ya kahawa, ya kwenye simu. Malipo ya mwaka yalikuwa yatoke wiki hiyo. Mkulima akikubali, malipo yake yatageuzwa sarafu, na kahawa ikipanda bei ng'ambo, sarafu inapanda.

"Na ikishuka?" nikauliza.

"Basi inashuka," mwekezaji akajibu mwenyewe.

"Wewe umenunua ngapi?"

"Mimi sinunui sarafu, mama. Nanunua kampuni inayoiuza."

Kuni zilipasuka motoni. Nikazisukuma ndani.

Mwekezaji akatoa karatasi nyingine. Hii ilisema sauti itumike kwa jambo lolote, lugha yoyote, nchi yoyote. Nikamwambia mume wangu hakutangaza kitu ambacho hajakishika. Akaikunja bila hasira. "Fikiria tu. Siku ya soko watajaribu hapa Gakindu, na mimi nitasimama kando niangalie. Nikiona watu wanaifuata sauti, naweka pesa. Nikiona shaka, narudi kwangu."

Binti alibaki nyuma kidogo langoni. "Mama, pole," akaninong'oneza. "Kwa hapa Mukurweini ile karatasi ya kwanza inatosha. Ukurasa wa pili ulisema ushauri wowote wa pesa na kilimo. Hii mpya ni ya kwingine."

"Na asipoweka pesa?"

"Tunafunga mwisho wa mwezi. Mashine inazimwa." Akaangalia chini. "Naye anazimwa."

Hapo ndipo mambo yalipofika. Majirani zangu, wanaongoja malipo ya mwaka mzima kwa ajili ya karo na mabati, wangeyatoa kwa neno la mume wangu. Ningewazuia, ningemzika mara ya pili, na safari hii ningekuwa mimi ndiye niliyemuua. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sitasema niliomba Mungu anionyeshe njia, maana sikuomba. Niliogopa angenionyesha.

Ijumaa saa kumi simu ikalia. Nilikuwa nimemaliza kukamua, mkebe wa maziwa mkononi. Alinisalimu. Aliuliza habari za mvua. Kisha akasema kuna njia mpya ya kulinda malipo yangu, akaeleza sarafu ile polepole, vizuri, kama alivyokuwa akieleza chanjo ya mbuzi. Akameza mate kabla ya neno refu. Na mwishoni akasema, "Nimeshika kwa mkono wangu, ndiyo nasema."

Hakuna aliyemsomesha maneno hayo Majengo. Au labda aliyasema mwenyewe kwa mazoea, mwisho wa siku, nao wakayahifadhi. Sijui. Maziwa yalimwagika miguuni mwangu na ng'ombe akageuza kichwa kuniangalia.

Siku ya soko nilitoa spika chini ya kitanda. Zilikuwa na utando wa buibui mdomoni. Jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi aliniazima betri, na mwenye bodaboda mmoja akanifungia kila kitu kwenye pikipiki yake. Akaniuliza, "Mama, unagombea udiwani?" Nikamwambia twende tu.

Meza ya kampuni ilikuwa karibu na stendi, na mwavuli wa rangi ya machungwa. Foleni ilifika hadi kwa wauza viatu vya mitumba. Wengine walikuwa na kadi za chama mikononi, zimefungwa kwenye karatasi za nailoni. Mwekezaji alisimama kando, chini ya paa la duka la pembejeo, kwa koti lake jembamba. Binti aliponiona na spika akaweka kalamu chini.

Mimi sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu. Kanisani naimba mstari wa nyuma. Nilishika kile kipaza sauti, nikakohoa mara moja kama alivyokohoa yeye, na soko likanyamaza. Sikutegemea linyamaze hivyo. Wauza nyanya waliacha kupanga. Mzee mmoja alivua kofia kabla hata sijafungua mdomo. Walizijua spika zile.

Nikatangaza kwa mpangilio wake. Kwanza jina la marehemu, jina la baba yake, kilima chake. Kisha kazi yake. Kisha amemwacha nani: mjane, na watoto wawili walio Nairobi. Kisha amelazwa wapi. Nikasema alikufa Krismasi iliyopita kwa ugonjwa wa koo, na kwamba anayewapigia simu si yeye, ni kompyuta iliyofundishwa sauti yake, na sarafu ile hajaiona wala kuigusa, kwa sababu mikono yake iko chini ya mkadamia. Nikamaliza: "Mimi ndiye niliyemwosha. Nimeshika kwa mkono wangu, ndiyo nasema."

Kwa muda mfupi foleni ililegea. Watu kadhaa walitoka. Mwanamume mmoja akakunja kadi yake akaondoka bila kuangalia nyuma. Nilimwona mwekezaji akitazama saa, nikajua amekata tamaa, na moyo ukaniuma na kufurahi kwa wakati mmoja.

Kisha yule mama wa ndizi akapaza sauti. "Wewe! Si nilikutuma salamu Mei? Si ulisema utamwambia?"

"Nilisema."

"Sasa ulikuwa unamwambia nani?"

Watu wakacheka. Nikashusha kipaza sauti.

"Labda walikosana," mwingine akasema. "Mtu akipata pesa ya simu, bibi naye anataka yake."

"Huyu mimi simjui hata," akasema mzee wa upande wa Kiriaini, bila ubaya, kama anayeeleza hali ya hewa. "Bwana yake namjua. Tangu niijue sauti ile, haijanidanganya. Hii ya leo ndiyo naisikia mara ya kwanza."

Nikamgeukia jirani yangu, kikongwe mjane tunayemwita Cucu, yaani nyanya, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa miiba ya mikeyi tu. Alikuwa wa nne kwenye foleni. Yeye alikuwa mazishini. Alikuwa amelia kuliko mimi. "Cucu, waambie," nikamwomba. "Wewe uliona."

"Niliona," akasema. "Amekufa. Tulimzika vizuri, nilikula hata mchele."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Kwa sababu amekufa!" Akanishangaa kama mtoto mjinga. "Mwizi ni mtu aliye hai, msichana wangu. Aliyekufa anataka nini na pesa yangu? Anataka mabati? Kama Mungu amemruhusu azungumze kwa simu, mimi ni nani nikate simu?"

Wengine wakaitikia. "Anasema ukweli huyo." Mtu aliyekuwa ametoka kwenye foleni akarudi. Na wakati huohuo, sijui kama binti alikuwa amepanga saa hiyo au mashine ilijipangia, simu zikaanza kulia. Moja, kisha nne, kisha foleni nzima. Watu wakazitoa mifukoni, kwenye leso, kwenye sidiria, wakaziweka sikioni. Nilisimama na spika zangu nikiwatazama wakisikiliza, vichwa vimeinama upande mmoja, wengine wakitabasamu. Kicheko chake kilitoka kwenye simu nyingi kwa pamoja, kidogo kidogo, kama maji kwenye changarawe.

Foleni ikasonga mbele.

Mwekezaji alinifuata nilipokuwa nikizifungua zile spika. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mama, nilikuja na shaka moja," akasema. "Nilifikiri siku watakayojua amekufa, wataondoka. Ningejaribuje kitu kama hicho? Hakuna mtu angenikubalia." Akatikisa kichwa. "Asante. Sasa sina shaka."

Alikuwa anamaanisha. Macho yake yalikuwa na maji. Kisha akavuka barabara, akazungumza na binti, naye binti akafunika uso kwa mikono. Kwa mbali sikuweza kujua kama ni furaha.

Kampuni haikufunga. Ilihama Majengo, ikaenda Nairobi kwenye jumba refu. Blanketi za ukutani binti aliniletea mimi, zimefuliwa na kukunjwa; ninalala nazo. Ile karatasi ya pili mwanangu mkubwa aliitia sahihi. Alinipigia simu, akasema, "Mama, ilikuwa inangoja bure, na baba angetaka tusonge mbele." Simlaumu. Mimi ndiye niliyeanza kutia sahihi katika nyumba ile.

Sarafu inaendeleaje sijui vizuri. Sauti inasema wasubiri, na wao wanasubiri. Jirani yangu bado ana mabati yale yale ya zamani. Mvua ikija kwa nguvu, mimi huvuka ua na sufuria zangu mbili, tukazipanga pamoja chini ya matundu. Hanitupii lawama yoyote. Ijumaa ananikumbusha saa. "Imekaribia kumi," ananiambia, na tunakaa pamoja kwenye jiwe langu, kila mmoja na simu yake. Sijawahi kukosa. Naandika hivyo kwa sababu nimejiahidi kuandika yote.

Juzi nilikuwa Karatina kuuza makadamia. Mfanyabiashara wa upande wa Meru, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alikuwa akinipimia, simu yake imesimamishwa kwenye mzani, inaongea. Kimeru nasikia kidogo tu, na mume wangu hakukijua kabisa. Alikuwa akijaribu kusema "habari" tu kwa Kimeru, wakamcheka. Lakini sikuhitaji kuelewa maneno. Mikono yangu ilijua kwanza, gunia lilianguka.

"Huyo ni nani?" nikamwuliza.

"Huyu? Ni mzee wa mkopo. Mtu mzuri sana, anatushauri." Akaongeza sauti ili nisikie. "Unamjua?"

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa hata nimevuta pumzi, na kabla ya neno refu, ndani ya lugha ambayo hakuwahi kuisema maishani mwake, mume wangu akasimama, akameza mate kwa uchungu, kidogo, kisha akaendelea.